Médiatrice na Nyuso za Bayon

Sote tuliosali na Médiatrice tulikuwa tumegundua kwamba hamshiki mtoto mkono. Watoto aliwapenda, na kila Jumapili baada ya ibada ungemkuta amezungukwa nao, lakini ukifika wakati wa kuvuka barabara kwenda kituo cha treni, angembeba mtoto mgongoni, au angemshika kola ya shati, au angemwomba mtu mwingine amvushe. Hata Armelle, binti yake wa pekee, alikua hivyo, akiongozwa kwa kushikwa bega. Mimi ni Mkenya, nesi, naishi Doonside, kitongoji cha Sydney, na nilidhani ni desturi ya Warundi. Sikuuliza. Alinieleza mwenyewe baadaye, ndani ya gari langu, tulipokwama kwenye foleni tukitoka Bankstown. Ninayoandika hapa ni kama alivyonisimulia, na ameniruhusu.

Anaishi Guildford, katika fleti ya ghorofa ya pili, pamoja na mama yake mzazi na Armelle. Alizaliwa Giharo, mkoani Rutana, kusini mwa Burundi, na alikuwa na miaka kumi vita vya 1993 vilipowakuta. Akakulia kambini Mtabila, upande wa Tanzania. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili chake kizuri, akasoma, akaolewa, akapata karatasi za kuja Australia mwaka 2007. Mumewe alikwenda Perth kutafuta kazi, simu zikapungua, mwishowe ikawa hayupo. Kazi ya Médiatrice ni kutunza wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuhakikisha wamemeza dawa. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na ukimwita kutoka nyuma hushtuka kuliko watu wengine.

Kushtuka huko kulikuwa na sababu. Tangu utotoni, aliniambia, kuna mtu humfuata. Si kila siku. Ni hatua ndogondogo za miguu mitupu, na akisimama zinasimama. Alizisikia kambini akadhani zitabaki kambini. Mwezi wake wa kwanza Sydney, akirudi kutoka darasa la Kiingereza, alizisikia kwenye daraja la kituo cha Guildford, wazi kabisa, akajua kwamba zimevuka bahari pamoja naye. Alifunga, akaomba, akaombewa. Kwa mama yake hakulitaja jambo hilo hata siku moja, kwa kuwa yeye mwenyewe alijua vizuri hatua hizo ni za nani.

Mwaka 2017 kampuni yake ilimpeleka kwa mwanamke mmoja wa Cabramatta aliyekuwa amewashinda wahudumu watatu. Aliitwa Sokhom, Mkambodia, mjane wa miaka sitini na tisa, mwenye magoti mabovu na ulimi mkali. Médiatrice alichaguliwa kwa sababu moja tu: kwenye faili iliandikwa kwamba mama huyo akikasirika huacha Kiingereza na kusema Kifaransa. Alikuwa amesomeshwa na masista mjini Phnom Penh kabla ya vita vya kwao. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, akamtazama Médiatrice kuanzia juu hadi chini, akamuuliza kwa Kifaransa kama anajua kuosha mchele. Médiatrice akajibu kwa Kifaransa kwamba anajua, na mzee akasogea apite. Kuanzia hapo Médiatrice akawa anamwita Yeay, yaani bibi kwa lugha ya Kikhmer, na Yeay akawa anamwita binti yangu.

Walikaa hivyo miaka miwili bila kuulizana habari za vita. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake ametoka kwenye vita, na hilo lilitosha.

Siku moja ya Agosti 2019, Médiatrice akiwa amepiga magoti anamwosha miguu, Yeay alisema, "Nataka kwenda kuziona nyuso kabla magoti haya hayajakataa kabisa."

"Nyuso gani, Yeay?"

Ndipo akamweleza kuhusu hekalu la Bayon, kwao Kambodia, lililojengwa miaka mia nane iliyopita, lenye minara ya mawe ambayo kila mmoja umechongwa nyuso kubwa, mara nyingi nne, zinazotazama pande zote. Ziko karibu mia mbili. Januari 1969, yeye akiwa na miaka ishirini na mmoja na wiki tatu za ndoa, mumewe alimpeleka huko. Mume alikuwa mwalimu wa hesabu. Alimsimamisha chini ya uso mmoja, akampiga picha, akacheka akasema aliyelichonga jiwe lile lazima alimwona Sokhom, maana pembe ya kushoto ya mdomo imeinuka kidogo kama yake.

"Picha ilikaa ukutani kwetu mpaka Aprili 1975," Yeay alisema. "Askari waasi walipouteka mji na kuwatoa watu wote majumbani, kila mtu alibeba alichoweza. Mimi nilibeba sufuria. Walisema tutarudi baada ya siku tatu."

Miezi michache baadaye, shambani walikopelekwa, mumewe aliitwa aende kusoma. Ndivyo walivyosema, kusoma. Hakurudi.

"Sasa sura yake imenipotea," Yeay alisema. "Najaribu, haiji. Lakini nikiuona ule uso wa jiwe, nitakumbuka alivyosimama mbele yangu."

Binti wa Yeay aliishi Melbourne na hakuweza kuacha kazi, ila alikubali kugharimia safari ya watu wawili. Kampuni haiwaruhusu wahudumu kusafiri na wateja, kwa hiyo Médiatrice aliomba likizo yake ya mwaka akaenda kama rafiki. Mama yake hakupenda.

"Unakwenda kuangalia masanamu?"

"Namsaidia mzee, mama."

"Wazee wako hapa Guildford," mama akasema, akarudi kuchambua maharage yake.

Walifika Siem Reap, mji ulio karibu na hekalu, mwishoni mwa Septemba, na Yeay ndiye aliyeuchagua wakati huo. Kwa Wakambodia ni majuma mawili ya kuwakumbuka wafu. Asubuhi, wakinywa chai hotelini, alimweleza Médiatrice kwamba siku hizo wafu wenye njaa hufunguliwa, wakazunguka kwenye pagoda, yaani mahekalu ya Kibuddha, kutafuta jamaa zao waliowaletea wali. Aliyezunguka pagoda saba bila kupata chakula kwa jina lake huondoka na uchungu, akawalaani walio wake.

Médiatrice ni Mkristo, na mambo hayo hayaamini. Hata hivyo aliweka kikombe chini.

"Na wale ambao haijulikani kama wamekufa, Yeay? Nao wanatembea?"

"Hao ndio wanaotembea sana," Yeay akasema, akaendelea kupaka siagi kwenye mkate.

Siku hiyo hiyo saa tatu walikuwa Bayon. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na watalii walikuwa wachache. Kwa mbali, Médiatrice aliniambia, ni rundo la mawe tu, kama nyumba iliyobomoka. Ukisogea, rundo linaanza kuwa na pua, na midomo minene, na macho yaliyoinamishwa. Kisha unaona kwamba ni watu juu ya watu. Kuvu la kijani na jeupe limewatambaa mashavuni. Wanatabasamu bila kuonyesha meno. Ukikwepa mmoja ukajificha nyuma ya ukuta, mwingine anakuona kupitia tundu la mlango.

Ngazi za kupanda juu zilikuwa za mbao, kali kama ngazi za darini, na magoti ya Yeay yasingeweza. Dereva aliyewaleta, mtu mzima mpole, alimwekea kiti cha kukunja chini, kwenye varanda yenye kuta zilizochongwa wanawake wanaouza samaki. Wakakubaliana kwamba Médiatrice apande peke yake na simu, apige picha kila uso, kisha ashuke wazitazame pamoja.

"Pembe ya kushoto," Yeay alimkumbusha. "Kushoto kwake, si kushoto kwako."

Akapanda. Alianza mnara wa kwanza akazunguka pande zote, akaenda wa pili. Mwanzoni alizifurahia zile nyuso. Kufikia ya arobaini alikuwa hataki tena kuzitazama moja kwa moja.

"Dada, nyuso zile zinajua," aliniambia garini. "Ni kama watu walioshuhudia jambo lako, wakaamua wasiseme."

Mvua ikaanza tena, nzito. Akakimbilia ndani ya mlango wa karibu, kwenye ujia unaozunguka chini ya mnara mkubwa wa katikati. Ndani palikuwa finyu, na giza, pananuka popo na udi. Alipapasa ukuta uliolowa akaenda mbele, akitumaini kutokea upande ambako paa ni zima. Hapo ndipo alipozisikia hatua nyuma yake, miguu mitupu, midogo, juu ya jiwe lenye maji.

Alisimama, kama alivyozoea, ili nazo zisimame.

Hazikusimama. Zilikuja mpaka zikamfikia, na mkono mdogo, wa baridi, ukaingia ndani ya mkono wake, ukashika vidole viwili.

"Sikupiga kelele," aliniambia. "Wala sikushangaa. Nilisema tu kwa Kirundi, umekuja."

Akaushika ule mkono wote, akatembea nao. Hakutazama chini. Ujia ulikata kona, ukakata tena, na mwendo huo wote alikuwa akiongea kwa Kirundi kwa sauti ya chini, maneno ambayo hakunitajia na ambayo sikumwomba anitajie. Mbele palitokea mlango na mwanga wa mvua. Wakatoka. Ndipo akatazama.

Alikuwa msichana wa miaka mitano hivi, mtalii, Mkorea labda, mwenye koti la mvua la njano na nywele nyeusi zilizonyooka. Viatu vyake vilivyolowa alikuwa amevishika kwa mkono wa pili. Gizani alikuwa ameshika mkono wa mwanamke asiye mama yake, na sasa, alipoinua macho na kuona ni nani, akaanza kulia.

Médiatrice alijua papo hapo kwamba huyu si yule. Hilo alinirudia mara tatu, nisije nikadhani akili yake ilikuwa imeruka. Alijua. Lakini vidole havikufunguka.

Baba wa mtoto alitokea mbio kwenye ujia, na mama nyuma yake akiita jina. Baba alimshika mtoto kiunoni akavuta. Médiatrice hakuachia. Baba akasema kitu, kisha akakisema kwa sauti zaidi, kisha akaanza kumfungua vidole kimoja kimoja, na kila alichokifungua kilijifunga tena. Watu wakakusanyika wakiwa na simu zao. Mlinzi wa hekalu akaja akamshika bega. Kila mtu pale aliona jambo moja: mwanamke mgeni anaiba mtoto.

"Niliuona mkono wangu kama wa mtu mwingine," alisema. "Nilikuwa nasema siachi, siachi, siachi. Kwa Kirundi. Nani angenielewa?"

Kelele zilifika chini. Yeay alimuuliza dereva kuna nini juu, na dereva akamwambia wanasema mwanamke Mwafrika amemkamata mtoto. Yeay alizipanda zile ngazi kwa mikono na magoti, kidato baada ya kidato, akimsukuma dereva kila alipotaka kumbeba. Alipofika juu sketi yake ilikuwa imelowa na kuchafuka yote. Akapenya kati ya watu, akasimama mbele ya Médiatrice akihema.

"Binti yangu," akasema kwa Kifaransa. "Huyu ana mama yake. Mtazame, yule pale."

Médiatrice akainua macho. Mama wa mtoto alikuwa kijana, kofia yake imelowa, amenyoosha mikono yote miwili mbele. Hakuwa na hasira. Alikuwa mweupe kwa hofu. Vidole vya Médiatrice vikafunguka.

Kifundo cha mkono wa mtoto kilikuwa na alama nyekundu. Baba alimweleza mlinzi kwa ukali, na Yeay akaongea na mlinzi kwa Kikhmer, kwa muda mrefu, bila kupandisha sauti. Médiatrice hakuwahi kujua yote aliyoyasema. Alichoona ni kwamba mlinzi alivua kofia yake, akawainamia wale wazazi, akawaongoza kushuka. Yule mama aligeuka mara moja akamtazama, kisha akaenda.

Yeay akaketi juu ya jiwe chini ya paa, akamvuta Médiatrice aketi kando yake.

"Alikuwa nani?" akauliza.

Médiatrice alikuwa na miaka thelathini na sita, na hakuwahi kumjibu mtu swali hilo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuliuliza.

Alikuwa Cécile, mdogo wake wa miaka mitano. Baba yao alikuwa ameuawa siku mbili kabla. Mama alikuwa na Lazare, mtoto mchanga, mgongoni, na alfajiri, kwenye ukungu, walifika mto Malagarasi, mpakani na Tanzania, pamoja na watu wengine wengi. Mama alimwambia Médiatrice, "Mshike Cécile mkono, usimwachie." Wakaingia kwenye mafunjo. Nyuma walisikia risasi. Maji yalimfika Médiatrice kifuani. Cécile alikuwa akilia na kumning'inia mkononi, na kila alivyomvuta, yeye mwenyewe alizama mdomo. Akafungua vidole. Hakuteleza, wala mkondo haukumpokonya. Alifungua vidole kwa kutaka, na akasikia ulaini wa maji pale palipokuwa na mkono. Alipofika ng'ambo alimwambia mama, "Maji yamemchukua Cécile." Mama hakuuliza kitu. Lazare alikufa kwa surua mwaka wa kwanza kambini, na tangu hapo mama hakuwa na mtoto mwingine ila yeye aliyesema uongo.

Yeay alisikiliza yote. Kisha akauliza, "Maji yalikufika kifuani?"

"Ndiyo."

"Naye alikuwa mfupi kuliko wewe."

"Ndiyo, Yeay."

Yeay alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Hakumwambia kwamba si kosa lake. Médiatrice aliniambia kwamba kama angemwambia hivyo, yeye asingeongea tena. Kwa kuwa hakumwambia, aliweza kulia.

Mvua ilipopungua, Yeay akasema madhali amekwisha panda, hatatazama picha za simu. Akashika fimbo yake, aliyoletewa na dereva, akamshika Médiatrice kiwiko, wakazunguka kati ya minara karibu saa nzima. Alisimama mbele ya nyuso nyingi.

"Ni huu?"

"Labda."

Maji yalikuwa bado yakitiririka kutoka kwenye macho ya mawe. Adhuhuri ilikaribia aliposimama mbele ya uso mmoja wa upande wa magharibi, uliopasuka kwenye kidevu.

"Ni huu," akasema.

"Una hakika?"

"Sina. Lakini nikikosea, hakuna aliyebaki wa kunisahihisha."

Alisimama pale kwa muda mrefu, ameupa uso wa jiwe mgongo, anatazama mbele, mahali ambapo mtu wa kupiga picha angesimama. Médiatrice aliogopa kumsemesha. Mwishoni Yeay mwenyewe akasema, "Nimeiona mikono yake. Nimeiona kamera. Amekaa na kamera usoni, haishushi."

Wakashuka.

Kesho yake walikwenda pagoda moja nje ya mji. Mzee mmoja mwenye daftari alikuwa amekaa mkekani akiandika majina ya wafu, ili watawa wayasome kwenye sala zao. Yeay alimtajia majina kumi na moja bila kusita, la mumewe la kwanza. Kisha akamgeukia Médiatrice.

"Na wewe?"

Kalamu ya mzee ilikuwa inangoja. Médiatrice aliniambia hapo ndipo alipoona jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa amemzika Cécile kwa uongo wake mwenyewe. Hakuna mtu aliyeuona mwili. Hakuna aliyeuliza upande wa pili wa mto.

"Sijui kama amekufa, Yeay."

"Basi usimwandike. Aliye hai hali chakula hiki."

Yeay akaingia na wali wake. Médiatrice alibaki nje, akasali sala zake alizozoea, kwa Kirundi, kati ya viatu vya watu.

Alirudi Guildford akiwa na uamuzi. Jumamosi ya kwanza alimkuta mama yake jikoni, anachambua maharage kwenye ungo. Armelle alikuwa chumbani kwake.

"Mama, Cécile hakuchukuliwa na maji. Nilimwachia. Nilifungua mkono."

Mama hakuinua kichwa. Aliendelea kuchambua, akatoa kijiwe, akakiweka kando.

"Alikuita?" akauliza.

"Hapana. Alikuwa analia tu."

"Mimi aliniita."

Médiatrice hakuelewa.

"Tulipokwisha vuka," mama akasema. "Ukungu ulifunguka kidogo. Alikuwa amesimama upande ule, kwenye mafunjo, maji yamemfika hapa." Akaonyesha kiuno. "Aliniita mara mbili. Nilikuwa na Lazare mgongoni, na wewe ulikuwa unatapika maji, na wale watu walikuwa wanakuja. Nikakukumbatia kichwa. Unakumbuka nilivyokukumbatia?"

"Nakumbuka."

"Nilikuwa nakuziba masikio."

Médiatrice aliniambia kwamba alitoka nje akakaa kwenye ngazi za jengo mpaka jirani akamuuliza kama amepoteza funguo. Kwa siku tatu yeye na mama hawakusemezana ila kuhusu chakula. Armelle, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri na hujibu kwa Kiingereza, alimuuliza bibi yake nani amekufa. Bibi akamjibu, "Hatujui, na ndilo tatizo." Siku ya nne mama alivaa gauni lake la kanisani, akasimama mlangoni na mkoba.

"Mtoto anayeita mara mbili hajazama," akasema. "Twende tukaseme mahali panaposemwa mambo haya."

Kuna shirika linalosaidia watu waliopotezana na jamaa zao vitani. Ofisi yao iko mjini, na mimi ndiye niliyewapeleka, bila kujua ninawapeleka kwa sababu gani. Waliulizwa maswali kwa saa mbili, mkalimani akiwa kwenye simu. Jina, mwaka wa kuzaliwa, jina la kijiji cha kwao, ambacho Burundi huitwa mlima, jina la baba. Alama yoyote mwilini? Médiatrice hakukumbuka hata moja. Mama akasema ana kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, alipoangukia chungu cha maharage. Lina umbo la jani. Alilieleza kana kwamba alimwogesha mtoto huyo asubuhi hiyo.

Kisha korona ikaja na kila kitu kikasimama. Yeay alikufa mwaka 2021, katika miezi ile ya kufungiwa ndani, na mazishi yalihudhuriwa na watu wachache waliohesabiwa. Médiatrice aliyatazama kwenye simu, amekaa kitandani. Hatua za nyuma yake hazikukoma. Anasema bado anazisikia, ila hasimami tena kuzingoja zisimame.

Mwishoni mwa mwaka 2022 barua ilikuja. Katika orodha ya zamani ya kituo kimoja cha watoto upande wa Burundi, ya mwaka 1994, kulikuwa na msichana aliyeandikwa Sesiliya, yaani Cécile kwa matamshi ya huko, umri kama miaka sita, aliyeletwa na wakulima, hajui jina la baba yake. Mwaka 1996 aliondoka na familia moja iliyokuwa inaelekea Kasulu, upande wa Tanzania. Jina la familia halikuandikwa. Kuhusu kovu, orodha haikusema kitu.

Huenda si yeye. Watoto wa aina hiyo walikuwa wengi, na jina hilo walikuwa nalo wengi. Médiatrice aliisoma ile barua mara nyingi hadi karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Alikuwa na hofu mbili, na zote mbili alinitajia: kwamba hawatampata, na kwamba watampata, naye atauliza. Mama hakuwa na hofu. Alikuwa na miaka sabini na nne na aliona kila mwezi unaopita kama mtu anayeibiwa. Waligombana juu ya jambo hilo mwaka mzima, mama akitaka kwenda, binti akisema tungoje barua nyingine, mpaka Armelle akaingia kati, akasema kwa Kiingereza chake kwamba kama hawaendi wao, yeye atakwenda peke yake akimaliza shule, na huyo mama mdogo atamkuta anaongea Kiswahili kibovu.

Walisafiri wote watatu Juni 2024. Niliwapeleka uwanja wa ndege alasiri. Mama alikuwa amebeba begi dogo la mkononi ambalo hakutaka mtu alishike. Médiatrice alinikumbatia, akasema, "Dada Cherotich, tuombee." Nikawatazama wakipita mlango wa ukaguzi, bibi mbele.

Kwa siku sita sikupata neno. Siku ya saba, nikiwa mapumziko wodini, ujumbe wa Médiatrice ukaingia. Walikuwa Kasulu, katika nyumba ya wageni karibu na soko. Walikuwa wameulizia makanisa manne. Katika la nne, mwanamke mmoja aliwaambia anamjua mshonaji wa kijiji cha jirani aliyekuja kutoka Burundi akiwa mtoto, na hajui alizaliwa wapi. Wangekwenda kesho asubuhi. Mama alikuwa amekataa kula, amekaa kitandani na viatu miguuni.